Kukhu, Baba na Kisima cha Nyuma ya Ghala

Nilipokuwa mtoto, baba yangu hakuwa amewahi kuuona vizuri uso wa mama mkwe wake, na watu wa kwetu Bungoma waliona hiyo ndiyo heshima. Mimi niliona ni kazi, maana mpeleka maneno nilikuwa mimi. Baba alikuwa seremala Kitale. Akija kutuchukua kwa Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa mama, pale karibu na Kamukuywa, alisimama nje ya ua akatupa kisogo. Kukhu naye alijificha nyuma ya jikoni.

"Nekesa, mwambie huyo mtu chai iko."

Huyo mtu amesikia kila neno, lakini lazima nitembee mpaka pale nimwambie.

Wiki moja mimi na Mama tulikuwa tumekuja kwake kusaidia kuvuna maharagwe. Asubuhi tuling'oa, mchana tukapiga kwa fimbo, jioni tukapepeta na kusengenya. Kukhu alijua bibi ya nani ameficha kuku wa nani. Nilikaa karibu naye nisipitwe na kitu. Ugonjwa huo ni yeye aliyeniambukiza. Jumapili Baba angetupeleka Kitale tupigwe picha studio, na rinda langu nilikuwa nimelilaza chini ya godoro ili lijipige pasi.

Jioni moja nikamuuliza, kwani mkigusana na Baba kutakuwa nini? Akaacha kupepeta.

"Mikono yake itatetemeka mpaka aingie kaburini. Na yule aliyetukutanisha, yake pia."

Seremala wa mikono ya kutetemeka! Hata mimi wa darasa la pili nilijua hapo hatutakula.

Basi Baba akaja Jumamosi badala ya Jumapili. Khocha Wafula, mjomba wangu, alikuwa amepeleka maharagwe sokoni. Mama alikuwa mtoni anafua. Kukhu aliposikia kengele ya baiskeli, akakimbia kujificha nyuma ya ghala bila kuangalia chini. Kule kulikuwa na kisima cha zamani kimefunikwa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimeoza.

Nilisikia kishindo, halafu sauti yake ikitoka ardhini. Nikachungulia. Maji kifuani, mguu mmoja hausimami, na udongo wa pembeni unabomoka ukimwangukia kichwani.

"Kukhu, nimwite Baba?"

"Wewe! Asikanyage hapa! Tutangoja Wafula."

Wafula akienda soko, bana, anarudi wakati pombe ya busaa imeisha kwa mama pima.

Nikakimbia uani. Baba alikuwa amesikia yote, lakini amesimama palepale, kisogo kwetu, ameshika usukani wa baiskeli mpaka mishipa ya mikono imetokeza.

"Amesema nini?" aliniuliza.

Sitajifanya malaika. Nilifikiria picha kwanza, kwamba kesho hatutapigwa. Halafu nikasikia udongo mwingine ukianguka majini, mwingi huo, na safari hii Kukhu hakupiga kelele.

"Amesema uje," nikadanganya. "Ati uje haraka!"

Alichukua kamba ya ng'ombe. Nikamtangulia kisimani, nikainama: "Kukhu, ni Khocha amerudi! Funga macho, udongo usikuingie."

Baba akafunga kamba kwenye nguzo ya ghala, akashuka bila kusema neno, maana sauti ingemfichua. Huko chini nikamsikia Kukhu: "Wafula, nishike vizuri. Si hapo! Huo mguu umevunjika."

Alipanda naye amemfunga mgongoni kwa koti, akihema kama fahali kwenye jembe. Akamlaza juu ya maganda ya maharagwe, akarudi zake uani, akatupa kisogo tena, matope yakimtiririka.

Kukhu bado alikuwa amefumba macho.

"Asante, Wafula mwanangu," akasema.

Wafula mwenyewe alifika saa kumi, akiimba.

Picha hatukupigwa. Siku chache baadaye, mguu umefungwa vijiti, Kukhu alisikia kengele ile na akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa. Khocha Wafula alinuka busaa kila siku ya Mungu. Baba alinuka vanishi. Mtu pua yake imebanwa kwenye shati la Baba, mgongoni, kutoka chini mpaka juu, hangekosea. Kukhu alijua. Alitaka kuishi, akauchukua uongo wangu akaukalia kimya, ili kosa lisimwangukie mkwe wake.

Mikono ya Baba ilianza kutetemeka akiwa mzee kabisa, nusu ya Kitale ikiwa tayari inalala kwenye vitanda vyake. Watu wa Kamukuywa wakanong'ona, si mnaona sasa? (Waliambiwa na nani? Usiniulize.) Na sasa yangu pia imeanza. Kikombe kinacheza kwenye kisahani, na wale mama wa kanisa wanatazamana. Najua wanachosema, wengine wao ni mimi niliyewafundisha kusengenya.

Wacha waseme. Nikiwekwa tena pale kati ya kisima na ua, nitadanganya wote wawili, na safari hii sitafikiria picha. Na mume wa binti yangu akija hapa kwangu, simtumii mtoto. Natoka mwenyewe mpaka langoni, wao wakitazama, namnyooshea mkono huuhuu unaotetemeka, na wake siuachilii haraka.