Mihrabu ya Plasta

Uvumi ulioenea kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ulisema kwamba wageni waliokuja kuchukua sura ya mihrabu ya msikiti wetu wa zamani ili waitolee nakala ya plasta, ile ya matumbawe yaliyochongwa maua na kamba za kusokotwa, waliondoka na jiwe lenyewe wakatuachia plasta. Mimi ni mwalimu mstaafu. Neno "wanasema" silipokei. Nikafunga safari hadi jumba la makumbusho mjini, niikague nakala yao kwa mkono wangu. Wazee watatu wa msikitini wakaandamana nami, pamoja na shemeji yangu, aliyedai kwamba mthibitishaji naye sharti athibitishwe.

Nakala ilitundikwa ukutani katika ukumbi wa mwisho. Nikaigonga kwa ukucha. Ikalia kama kifuu kitupu.

"Babu, jumba hili la museu haliruhusu kugonga," akasema mlinzi, binti mwenye ushungi.

"Nimekwisha gonga. Ni plasta. Jiwe letu liko nyumbani."

Adhuhuri ilikuwa imeingia, na binti akaturuhusu kusali ukumbini humo. Wenzangu wakanitanguliza niwe imamu. Dhamana hiyo si ndogo: imamu akipotoka, huwapoteza wote walio nyuma yake.

"Ila babu, kibla..."

"Kibla nani kakuonyesha?"

"Wenzangu wa kazini."

"Basi hujui, umeambiwa." Nikamwelekeza kwenye plasta. "Mbele ya mihrabu hii nimesali tangu sijaota ndevu. Haijapata kunidanganya."

Tukasali rakaa zetu mbili za wasafiri. Nilirefusha sijida, kwa kuwa nilikuwa nimeridhika sana.

Baada ya salamu, shemeji alisogea dirishani kutafuta upepo. Akachungulia nje, kisha akaniita.

"Shemeji, njoo uthibitishe."

Ng'ambo ya barabara ulisimama msikiti wa mtaa, na kitumbo cha mihrabu yake kimechomoza nje ya ukuta, upande wa kaskazini. Upande huo ulikuwa nyuma yetu tuliposali. Walioitundika nakala walitafuta ukuta wenye nafasi, hawakuitafuta Makka.

"Nakala ni sahihi kabisa," akasema shemeji. "Kila ua lipo. Walichosahau kuchukua ni kibla."

Mzee mmoja alicheka hadi kofia ikamwanguka. Binti alitazama sakafu kwa adabu kubwa, mabega yakimtikisika.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilijua hukumu, tena si kwa kusikia: kosa likibainika kwa yakini na wakati ungalipo, sala hurudiwa. Nikawatangazia kwamba nimewapoteza, na kwamba tutasali upya.

Tukageuka pale pale tulipokuwa. Kwa kugeuka huko, mimi imamu nikajikuta nyuma ya watu wote. Shemeji, bila kuombwa na yeyote, akapiga hatua moja mbele.

"Nyoosheni safu," akasema kwa sauti ya imamu, kisha akaongeza bila kugeuka, "hasa wewe wa nyuma, mwalimu."

Nikasogea, nikaingia safuni.