Maneno Matano ya Mama

Mama alikuwa muuguzi wa zahanati hii kwa miaka ishirini na miwili. Chumba namba tatu, kwenye meza ileile, ndiko alikokuwa akiwapima wazee kumbukumbu. Leo mimi, kitindamimba wake, nimemleta apimwe yeye, maana jana alichemsha viatu vyake kwenye sufuria akatukaribisha mezani.

Muuguzi kijana akachukua fomu. "Bibi, nitakutajia maneno matano, uyashike."

Kabla hajataja hata moja, mama akayamwaga yote: "Ufunguo, jogoo, meza, mvua, kisu."

Kijana akacheka mpaka akavua miwani. Akampa alama zote. "Dada, mama yako yuko fiti kuliko mimi."

"Kaka, ameyasema kabla hujayataja," nikamwambia. "Hayo aliyakariri kazini. Muulize mimi ni nani."

"Fomu haina swali hilo," akajibu, akagonga muhuri. "Aliyefaulu hapewi rufaa ya hospitali kubwa. Mrudishe mwakani."

Mwakani. Nilitamani kuichana ile fomu mbele ya macho yake. Mwaka mzima niendelee kumfungia mama mlango kwa kufuli asipotee? Nikaketi kwenye benchi la nje, katikati ya wagonjwa, nikalia.

Mama akaja akanishika bega taratibu, kama alivyokuwa akiwashika wagonjwa wake.

"Pole, dada. Umekuja na nani?"

"Nimekuja na mama yangu."

Akaanza kumtafuta, akitazama sura moja baada ya nyingine, benchi zima.