Nyumba ya Kupumzikia Wundanyi

Daktari alimwambia Zainabu apumzike, naye akapumzika kwa kuhamishia duka kitandani. Presha ilikuwa imeshamwangusha mara mbili, lakini tangu alfajiri wateja waligonga dirisha kuulizia kanga. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, na Singida mjini kila mtu aliuza kitu. Sisi marafiki watatu, yeye, Mama Eliasi wa mafuta ya alizeti na mimi wa vitunguu, tulikuwa tumefanikiwa kuliko tulivyoota. Niliogopa tutamzika. Tukakubaliana kununua pamoja nyumba ya mapumziko, tena ng'ambo ya mpaka, maana hata Dodoma wateja wangemfuata.

Babati tulifika tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Tulilala Arusha, na kesho yake tukavukia Taveta, upande wa Kenya. Wateja wangu wa vitunguu wa pale walikuwa wameniambia habari za Mama Mghoi, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiuza nyumba Wundanyi, kwenye milima ya Taita.

Wundanyi kuna baridi tamu. Barabara inapanda ikijikunja katikati ya migomba, na maji yanasikika kabla hujayaona.

"Shikamoo, mama," tulimwamkia mwenyeji wetu.

"Marahaba, wanangu. Ingieni, chai iko tayari."

Baada ya chai Zainabu alisema anajinyoosha mgongo kidogo tu barazani. Sisi tukaenda kukagua paa na tangi la maji. Tuliporudi alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, viatu miguuni. Tangu tufahamiane sikuwahi kumwona amelala mchana. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Ikabaki kupatana bei, palepale barazani. Sauti ya Mama Eliasi husikika soko zima, na alishakohoa kuisafisha. Nikamfinya.

"Tupunguzie, mama," akanong'ona.

"Hapo nimeshafika mwisho, mwanangu," Mama Mghoi naye akanong'ona.

"Paa lina kutu."

"Mvua haipiti."

Kila sauti ilipopanda, Zainabu aligeuka, nasi tukanyamaza. Mwishowe tulikubali bei ileile ya kwanza. Mama Mghoi alicheka kimyakimya hadi akashika ubavu.

Asubuhi, kwa wakili, Zainabu aliisoma ile bei.

"Mmepigwa, jamani! Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunakulinda," nikamjibu. Akachukua kalamu, akatia saini.

Katika safari ile nilijifunza kuwa kumhimiza mtu apumzike ni kazi bure. Mpeleke mahali, kisha wewe nyamaza. Tuliposhuka stendi ya Singida, mteja wake mmoja alitukimbilia kabla hatujapokea mizigo.

"Dada Zainabu! Nije alfajiri nichukue kanga?"

"Alfajiri nitakuwa nimelala," Zainabu akamjibu. "Njoo saa nne."