Isale Lililokosea Mlango

Aikande Mmari alianza kuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa banda la ng'ombe, na mama yake akamchapa, akisema ng'ombe hawatoi maziwa wakikodolewa macho. Alipozeeka, kuta zilikuwa zake. Ghala la kahawa la marehemu baba yake, huko Mbokomu juu ya mji wa Moshi, aliligeuza kuwa nyumba ya sura. Humo alikusanya nakala za picha ambazo Wazungu wa zamani waliwapiga watu wa mlimani, wakaandika chini yake namba na neno moja, "jike" au "dume", kama mifugo ya mnadani. Aikande alizichora upya kwa rangi, akazunguka nazo migombani akiuliza wazee: huyu ni nani? Jina likipatikana, aliliandika kwa herufi kubwa. Lisipopatikana, aliacha nafasi yake wazi.

Picha moja ilitambuliwa na Bibi Elinipendo. Aliitazama kwa muda, kisha akaifunika kwa kanga.

"Ni mama yangu, Nsia. Walimvua nguo wakisema wanapima kifua. Aliishi na ile aibu mpaka tukamzika."

Aikande akamchora Nsia amevaa.

Mwaka jana alialikwa kwenye chakula cha kipaimara, katika hoteli moja ya watalii huko huko mlimani. Alipokwenda kunawa, alimkuta Nsia kwenye mlango wa choo cha wanawake, mkubwa kama mtu mzima, kifua wazi. Mlango wa wanaume ulikuwa na mkuki tu.

Meneja, mgeni kutoka Ulaya, alimsikiliza akiwa amesimama.

"Picha ya zamani, mama. Haina mwenyewe. Wageni wangu wanataka Afrika ya kweli."

"Ana jina. Na binti yake yu hai."

"Hakuna anayekwenda chooni kusoma majina."

"Mama yako ungemtundika hapo?"

Meneja akacheka, akaagiza asindikizwe hadi getini.

Jumapili, baada ya ibada, Aikande alisimulia yote nje ya kanisa. Watu walikasirika. Wakakubaliana kwenda kuketi kwenye geti la hoteli, kina mama mbele, mpaka picha itoke.

Kabla ya siku hiyo akaja ghalani Calvin, mtoto wa kaka yake, msaidizi wa meneja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja mikono mitupu? Au hotelini kwenu wanagawa milango tu?"

Calvin hakucheka. Alitoa mkono nyuma ya mgongo, na mkononi mlikuwa na jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa Wachagga, anayeletewa isale hakatai. Hata aliyeuliwa mtoto hulipokea na kusamehe.

"Meneja amekutuma?"

"Yeye hajui hata isale ni nini. Huyapanga mezani kwenye chupa. Nimekuja mwenyewe. Mkikaa pale, wa kwanza kufukuzwa ni mimi, shangazi, na nina watoto."

"Na picha?"

"Itabaki kwanza."

"Nani amekufundisha kumfunga mtu hivi?"

"Wewe. Humu humu ndani, nikiwa darasa la tano."

Aikande alizitazama sura ukutani. Angekataa, yote aliyofundisha katika nyumba ile yangekuwa uongo. Akanyoosha mikono miwili, akapokea. Jioni aliwaambia kina mama wasiende.

Kesho yake alimpelekea Bibi Elinipendo mtori.

"Mama yangu wameshamtoa?"

"Bado, bibi. Calvin ameleta isale."

"Kamletea nani?"

"Mimi."

Bibi aliweka kijiko chini. "Nsia alikuzaa wewe?"

Aikande alimsogezea bakuli.

"Mimi nipo. Nakula, unaniona. Mbona mimi sijaletewa?"

Aikande alishuka siku hiyo hiyo kumwambia Calvin. Calvin aliahidi kuja Jumamosi. Jumamosi hotelini wakawa na wageni wa kupanda mlima, na iliyofuata vivyo hivyo. Masika yakaingia, na Bibi Elinipendo akafa akiwa ameelekea mlangoni.

Walimzika kihambani kwake, katikati ya migomba, kando ya Nsia. Mchungaji alipomaliza, Calvin alisogea na isale bichi, fundo limekazwa. Akamtazama shangazi yake.

"Langu nilishapokea," alisema Aikande. "Hili ni lake. Mpe."

Calvin alisimama kwenye matope, jani likichuruzika maji. Hatimaye alilichomeka kaburini, akaondoka bila kuaga mtu.

Isale halichagui udongo. Limeshika mizizi. Ghalani, Elinipendo amechorwa pembeni ya mama yake, wote wawili wamevaa. Kule hotelini wanawake bado wanausukuma ule mlango, na mahali viganja vinapogusa, pale kifuani, picha imeanza kufutika. Meneja ameagiza nakala mpya.