Lori Lililokwenda Kimali Mara Mbili

Nilipelekwa Bariadi kwa wiki mbili, nikakaa miezi saba. Kampuni ilikuwa ya watu binafsi, mojawapo ya zile zilizoingia kwenye pamba baada ya soko kufunguliwa, na jinari yao, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, ilikuwa nje kidogo ya mji. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Mimi ni mzaliwa wa Sola, upande wa Maswa, kwa hiyo pale makao makuu Mwanza waliona sina haja ya kuzoeshwa. Walichosahau ni kwamba nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuoni Dar, na sikuwa najua kukaa kitako.

Kazi yangu ilikuwa ya kompyuta. Mbegu za kupanda zilikuwa kwenye ghala la Bariadi, lakini maombi yalitoka ofisi ndogo za Maswa na Mwanhuzi. Mwanzoni kompyuta ya Mwanhuzi ilikuwa ikiipigia moja kwa moja ile ya Bariadi, kama mtu anavyopiga simu. Laini ikikatika katikati, na ilikuwa inakatika kila siku, karani wa Mwanhuzi alibaki ameganda mbele ya kioo cha kompyuta bila kujua kama amesikika.

Nikaweka foleni. Kompyuta moja pale Mwanza ilipokea maombi yote na kuyapanga. Ya Bariadi ilichukua ombi moja moja kila laini iliporudi, ikaangalia mbegu zilizopo, ikachapa hati ya kutolea mzigo, kisha ikarudisha jibu lenye namba ileile ya ombi ili lisije likaenda kwa mtu mwingine. Ombi halikufutwa kwenye foleni mpaka Bariadi iseme, "Nimemaliza." Nilijivunia sana hicho kipengele cha mwisho. Hakuna ombi litakalopotea, nilimwambia meneja wa jinari, hata umeme ukikatika.

Mtunza ghala alikuwa mzee wa makamo, mtaratibu, aliyefanya kazi ghala lilelile tangu enzi za ushirika. Kila asubuhi alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, nami nikamjibu huku macho yangu yakiwa kwenye kioo. Nilikuwa siwezi kutulia. Nilitoka nje kuangalia nyaya, nikarudi, nikafungua dirisha la foleni, nikalifunga, nikaenda kuosha kikombe ambacho nilikuwa nimeshakiosha.

Mvua za kupandia zilianza kwa nguvu mwaka ule. Ghalani palibaki mbegu za kujaza malori mawili tu, na kila mtu alijua ni za nani: moja la kijiji cha Kimali, kupitia ofisi ya Mwanhuzi, na moja la Sola. Ombi la Mwanhuzi likafika asubuhi, hati ikachapwa, na papo hapo umeme ukakatika. Lori likapakiwa na kuondoka hivyohivyo. Jenereta ilipowaka na kompyuta kuamka, printa ikatoa hati nyingine.

Mtunza ghala alikuja nayo mlangoni kwangu. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Mayu, hawa wa Kimali wameomba tena?"

Nilikuwa nazungumza na meneja wa jinari, namwonyesha jinsi majibu yanavyorudi Mwanhuzi. Sikugeuka vizuri.

"Kama imetoka kwenye printa, mzee, basi imeombwa."

Akaitazama tena ile hati. Halafu akaenda, akapakia lori la pili.

Alasiri simu ya mezani ikalia. Alikuwa karani wa Maswa, sauti imekauka. "Dada, naomba mbegu za Sola, najibiwa zimekwisha. Zimekwishaje? Watu wamekaa hapa nje tangu alfajiri."

Nilijua kabla sijaweka simu chini. Programu yangu ilichapa hati kwanza, ndipo ikasema nimemaliza. Umeme ulikatika kati ya hayo mawili. Foleni haikusikia neno, ikafanya nilichoiagiza: ikalileta ombi lilelile upya, na Bariadi ikalifanyia kazi kama vile haijawahi kuliona. Nilikuwa nimehangaika kuhakikisha hakuna ombi linalopotea. Sikuwaza kwamba moja linaweza kufika mara mbili.

Nikaenda kwa meneja nikamwambia yote, hadi lile swali la mzee na jibu langu. Hakupandisha sauti.

"Lori liko wapi sasa?"

"Litakuwa limepita Mwanhuzi. Simu hazishiki huko mbele."

"Chukueni pikapu mlifuate."

Tulikwenda watatu: dereva, mtunza ghala na mimi katikati. Tulipita Maswa, na pale njia panda sikutazama upande wa Sola. Mbele ya Mwanhuzi korongo lilikuwa limejaa maji mekundu, likatuzuia. Dereva akalala kwenye usukani. Mimi nilitembea juu na chini kwenye tope, nikachomeka kijiti ukingoni nipime kama maji yanashuka, nikakichomoa, nikachomeka kingine. Mtunza ghala alinitazama kutoka kwenye gari.

"Yatashuka yenyewe," alisema. "Njoo ukae."

"Kwa nini hukukataa, mzee? Ulijua kuna kitu."

"Zamani ningekataa. Ila siku hizi mnasema mashine haikosei, na mimi ni mtu wa kibarua cha mkataba. Niliuliza. Ukanijibu."

Nilirudi garini, nikakaa.

Tulifika Kimali kesho yake asubuhi. Lori la pili tulipishana nalo njiani likirudi tupu, tukaligeuza. Mbegu zilikuwa zimeshagawiwa, nyingine zinaondoka juu ya baiskeli na punda. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea kwa furaha. "Mwaka huu kampuni imetukumbuka kweli," alisema. Ilibidi nimweleze, na yeye ilibidi awaeleze watu kwa Kisukuma. Baadhi walirudisha bila neno. Mama mmoja alinionyesha shamba lake, matuta meusi yamelowa: mgawo wa pili alikuwa amemaliza kuupanda alfajiri ile. Nilimwambia asijali. Tulipata chini ya nusu ya lori.

Sola walikuwa wakitungoja ofisini kwa mtendaji. Mama yangu alikuwa kwenye mstari, na kanga yake kichwani kwa sababu ya mvua. Alidhani nimekuja kusaidia. Nilimvuta pembeni.

"Mama, mbegu hazitatosha. Kosa ni langu."

"La kampuni?"

"Langu. Nilikosea, halafu nikaulizwa, nikajibu vibaya."

Aliwatazama watu waliokuwa mbele yake, akawatazama waliokuwa nyuma. "Basi mimi sitachukua," alisema. "Wakiniona nachukua, watasema umeniletea." Akatoka kwenye mstari akaenda nyumbani. Msimu ule alipanda choroko pale alipopanda pamba miaka yote niliyomfahamu.

Niliporudi Bariadi niliandika upya ile sehemu. Kompyuta sasa iliweka kumbukumbu ya namba ya kila ombi kabla ya kuchapa chochote, na ombi likirudi na namba inayojulikana, halichapwi tena. Mtu hulikagua kwanza, kisha ofisi iliyoomba hupelekewa jibu. Nilizima umeme kwa makusudi, nikauwasha, nikauzima, hadi meneja akaniomba nimwachie jenereta yake. Printa ilikaa kimya. Lakini niliongeza jambo moja ambalo halikuwa la kompyuta: hati yoyote ya lori, mtunza ghala aiulizie kwanza kwa simu kwenye ofisi iliyoiomba, na akiwa na shaka, mzigo usitoke. Meneja alisema hiyo itatuchelewesha. Nikasema ndiyo.

Mzee alisoma ile karatasi ya utaratibu mpya polepole, kidole kikifuata mstari. Akaniuliza ni nani wa kumpigia Mwanhuzi kama karani hayupo. Sikuwa nimelifikiria. Nikavuta kiti, tukaanza kuandika majina.