Njia Iliyopimwa kwa Magoti

Mara ya kwanza kumwona, alikuwa amemkalia mlinzi wangu kifuani, anamgongesha kichwa kwenye changarawe taratibu, kama mtu anayepasua nazi asiyetaka kumwaga maji yake. Nikauliza kulikoni. Akajibu bila kugeuka:

"Nimekuja kuomba kazi, huyu kanifungulia mbwa."

Mbwa mwenyewe alikuwa juu ya paa la stoo. Hadi leo sijui alipandaje.

Mwingine angeita polisi. Mimi nilianza maisha kwa kuuza chai kwenye kituo cha malori, na huko nilijifunza kwamba mtu anayemwangusha mlinzi wako anakuletea habari mbili kwa mpigo: mlinzi hafai, na nafasi iko wazi. Nikamwambia amwachie maskini wa Mungu, aingie ofisini.

Nilikuwa na mgahawa na nyumba ya wageni kando ya mto, mahali maji yanapopita polepole kama mzee aliyeshiba. Kila Jumapili watu wa mjini walikuja na watoto wao. Walitaka kutembea kidogo, waone bata na ng'ombe, warudi na njaa. Njaa hiyo ndiyo biashara yangu. Kilichokosekana ni njia: mwendo wa saa moja na nusu kutoka getini hadi kona ya mto na kurudi, ambao mtoto wa miaka minne ataumaliza kwa miguu yake.

Mgeni wangu alikuwa na mwili wa kabati na pua iliyokwishavunjwa mara mbili. Alikuwa amefanya kazi machinjioni miaka kumi na tisa, akafukuzwa kwa kumvunja msimamizi taya.

"Kisa?"

"Alimpiga fahali teke."

"Si mlikuwa mnamchinja?"

"Kuchinja ni kazi, tajiri. Teke ni la nini?"

Nikamuuliza anataka nini. Nilitegemea ataje mshahara tuanze kuvutana. Yeye akanyoosha kidole dirishani, kwenye kijumba cha getini: vyumba viwili, bati juu, dirisha moja la kutazama mto. Yeye na mkewe, fundi cherehani, walipanga chumba nyuma ya machinjio, na dirisha lao lilitazama mfereji wa damu. Akishona gauni la harusi mama wa watu hujifungia na joto lake, maana akifungua tu, nzi wanatua na kuacha vidoadoa kwenye kitambaa cheupe.

"Mke wangu anataka dirisha," alisema, kama anayetaja bei ya mwisho.

Nikampa masharti yangu. Ataitengeneza njia na kuiongoza kiangazi chote. Mtoto mmoja akirudi getini anavuja damu, hata ya mwiba, hakuna kijumba. Msimu ukiisha salama, ufunguo ni wake na karatasi nitaandika.

"Damu ya mtoto tu?"

"Ya mtoto tu. Yako mwaga upendavyo."

Tukapeana mikono. Moyoni nilijua nimeshashinda. Watoto huchubuka hata wakiwa wamelala.

Sikujua angeifanyaje kazi. Alikata vipande vya tairi kuukuu, akavifunga magotini kwa kamba, akaipita njia yote kwa magoti, panga mkononi. Kila asubuhi kabla ya wageni, hivyo hivyo. "Wewe unaona majani," aliniambia. "Mtoto anaona mikuki." Kila kilichomgusa uso akiwa kwenye kimo kile alikifyeka. Alirudi na mashavu yaliyochanika, sikio linatiririka, anatema vipande vya majani. Wapishi wangu wakamwita Magoti, likashika.

Mwezi wa pili wa kazi yake fahali wa jirani alivunja zizi, akasimama katikati ya njia, pembe chini, mbele ya familia tatu. Magoti alimwendea kama anayekwenda kupokea mzigo, akamtia vidole viwili puani, akakunja. Nyama nzima ile ikapiga magoti inalia. Watoto wakapiga makofi. Wakati wa chakula baba mmoja aliniambia mkewe hakuwahi kujisikia salama vile mahali popote. Nikamjibu kwamba usalama ndio tunaouza hapa. Nikaona nimeokota mbabe wa bure, nisijiulize anaweza kugeukia wapi.

Ng'ambo ya kona alikuwapo mchimba mchanga. Malori yake yalikula ukingo wa mto kila siku, na hakupenda macho ya wapita njia. Asubuhi moja Magoti aliingia ofisini, paji la uso limefunguka hadi kwenye nyusi, damu inadondokea daftari langu la wageni. Akaweka waya mezani, mwembamba, wa kung'aa.

"Ulifungwa kati ya miti miwili. Pale kwenye mteremko watoto wanapokimbia." Akapiga magoti, akagusa koo lake. "Hapa."

"Usimguse mtu," nikamwambia. "Niachie mimi."

"Tajiri, huyo haongeleki."

"Kila mtu huongeleka. Ni bei tu."

Nikaenda mwenyewe. Mchimba mchanga alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaapa kwamba waya si wake. Tukapatana: Jumapili njia ni yangu, siku nyingine malori yake yatapita kwenye uwanja wangu kufupisha safari. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Mama, sisi ni watu wa biashara," alisema. Nikarudi najisifu. Nimewahi kugundua udanganyifu wa muuza samaki kwa kumtazama kope. Huyu nilimtazama usoni, nisione kitu.

Jumapili ya mwisho ya kiangazi walikuja watoto kumi na wanne. Nami nilikwenda, nikiangalia kijumba changu kinavyoponyoka. Magoti alikuwa amepima njia alfajiri, ilikuwa safi. Tulipofika mteremkoni msichana mdogo mwenye viatu vyekundu akachomoka mbio mbele ya wenzake. Magoti alimfuata, akapaa, akamdaka ukosi wa gauni, akamrudisha nyuma kwa nguvu hadi vifungo viwili vikaruka. Mbele ya pua ya mtoto, hatua moja, waya ulikuwa unatetemeka. Umefungwa baada ya alfajiri. Chini pale mchimba mchanga na wapakiaji wake wawili walikuwa wamesimama, wanatazama.

Magoti alimkabidhi mama mtoto wake. Akauzungusha ule waya ngumini mara tatu, akateremka.

"Magoti!" nikapiga kelele. "Watoto wanaona!"

Mpakiaji wa kwanza alipigwa mara moja tu, akakaa chini kama aliyekumbuka jambo. Wa pili alikimbia. Mchimba mchanga alikuwa na koleo la kupakilia. Wanasema maneno matupu hayavunji mfupa, koleo huvunja. Nilisikia pia ya goti la Magoti ikipasuka nikiwa juu mteremkoni, sauti kama kuni kavu. Hakulia. Alianguka juu ya yule mtu, wakabingirika hadi kwenye matope, na ngumi yenye waya ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka, mpaka usoni pa mwenzake hujui mdomo unaanzia wapi. Alimng'oa meno manne. Kila ngumi ilitoa mlio wa nguo mbichi inayopigwa jiweni. Kisha Magoti akamshika nywele, akamzamisha kichwa mtoni.

Nilishuka na wababa wawili. Tulimvuta watatu, na tulimweza kwa sababu tu mguu wake ulikuwa umegeukia upande usio wake. Mchimba mchanga akatapika maji na damu. Juu kule hakuna aliyepiga makofi. Mvulana mmoja akauliza, "Baba, amekufa?" Wale watoto wote wakarudi kwa miguu yao, wakavu, wazima. Hakuna aliyekula. Magari yakaondoka chakula kikiwa bado jikoni, na Jumapili iliyofuata getini alisimama mbwa peke yake.

Nilimkuta Magoti kwenye chumba chake nyuma ya machinjio, mguu kwenye plasta. Mkewe, mwanamke mdogo kama sindano zake, alikuwa anashona dirisha limefungwa. Nikaanza kuongea kwa mzunguko: biashara imekufa, wageni wamekimbia, kijumba nacho ni mali, labda chumba kimoja badala ya viwili.

Cherehani ikanyamaza.

"Dada," akasema yule mke, "mtoto gani alitoka damu?"

"Hakuna."

"Basi ufunguo."

Miaka yote nimekula kwa sababu watu wanajua nikisema nimesema. Nikautoa ufunguo mfukoni. Nilikuwa nao tangu nilipotoka nyumbani, kwa hiyo nadhani nilijua.

Mchimba mchanga alipona, akapeleka malori yake kwingine. Wapakiaji walimkimbia, na ndimi zao zilifika mbali kuliko mchanga wake. Ukingo ukabaki kwangu, nao bila wageni haununui hata chumvi. Magoti alipata dirisha lake, lakini goti lile halikunjiki tena. Njia ikaota miiba mwaka mzima, hadi familia moja, halafu mbili, zikaanza kupiga simu kuuliza kama yule mtu bado yupo. Nikajibu yupo, ila amekaa.

Nilijaribu vijana watatu. Wote waliipima njia wakiwa wima. Basi siku hizi, mimi mwenye miaka hamsini na miwili na shinikizo la damu, alfajiri za Jumapili huvaa suruali ya marehemu mume wangu na vipande vya tairi, na kutambaa. Magoti hukaa kwenye kiti chini ya dirisha lake, mguu umenyooka, mkewe anashona nyuma yake dirisha likiwa wazi.

"Shusha kichwa, tajiri! Wewe una miaka minne!"

"Nyamaza wewe!"

"Umeacha mwiba kushoto. Rudi."

Narudi.