Cheti Chenyewe, Si Kopi

Binti yangu aliingia saa nane mchana na bahasha mkononi, na posta ilikuwa ikifungwa saa kumi. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti chake cha kidato cha sita. Cheti chenyewe, si kopi. Alikuwa anakipeleka nje, kwa watu wa kazi aliyoiona kwenye kompyuta, katika duka la intaneti pale mjini. Miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na vijana walishaingiwa na wazimu wa intaneti.

"Keti," nikamwambia. "Nisomee hilo tangazo."

"Mama, nnachelewa."

"Soma."

Mimi skuli niliishia darasa la tatu, sifichi. Lakini mtu kukaa kwake akamfanyia kazi mtu wa mbali, hilo nalijua. Tangu miaka ya themanini nawapa wanawake wa Makunduchi kofia za viua, zile za kudarizi vitundu kwa sindano, washone majumbani kwao. Wengine hupita mwaka sijawaona sura. Napeleka kitambaa kishachorwa, uzi na sindano. Wao wananiletea kofia. Sijamwambia hata mmoja aniletee cheti chake cha kuzaliwa nikiweke kabatini kwangu.

Akatoa karatasi ya tangazo, akasoma huku akinifasiria kutoka Kiingereza. Kuchapa barua za kampuni, nyumbani, saa uzitakazo. Ujuzi si lazima.

"Barua za nani?"

"Za wateja."

"Wateja wa nini?"

Akaigeuza karatasi, nyuma hamna kitu.

"Wamekupa hata barua moja uichape, wauone mkono wako?"

"Hapana."

"Mimi simpi mtu kofia ya pili mpaka niukague mshono wa ile ya kwanza. Hawa wanakuajiri hawajaona hata herufi yako moja. Wanataka kazi yako au cheti chako?"

"Hii ni kazi ya kompyuta, Mama, si vikofia vyako!"

"Vikofia hivyo ndivyo vilivyokulipia skuli ukakipata hicho cheti."

Akasimama. Nami nikasimama, nikaziba mlango. Tulitazamana mpaka nikahisi atanisukuma.

Mwisho tukapatana twende kwanza duka la intaneti, awaulize mawili tu: walete barua moja ya kuchapa, na wamtaje mtu mmoja anayewafanyia kazi sasa hivi. Akaandika. Tukangoja, yeye macho kwenye saa ya ukutani. Jibu likaja upesi, akanifasiria kwa sauti ndogo: nafasi inakwenda leo, leta cheti chenyewe leo, la sivyo jina lako linafutwa. Yale mawili hawakuyagusa.

"Mimi nshasema," nikamwambia. "Wewe mtu mzima. Posta unaijua."

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Akatoka na bahasha yake. Sikumfuata, nikashika njia ya kurudi nyumbani. Je, kama kazi ni ya kweli, na mimi nimemkatisha?

Saa kumi na moja akarudi, bahasha bado anayo.

"Nilifika mlangoni mwa posta, nikarudi kuwaandikia tena. Nimewaambia nitawapelekea kopi, wakiniletea barua ya kuchapa."

"Wakasemaje?"

"Hawajajibu."

Hawakujibu siku ile, wala wiki ile, wala tena. Hata leo siwezi kuapa kwamba walikuwa wezi. Akaninyoshea cheti nimwekee. Nikakataa. Chake, akakitunze mwenyewe.